Safari ya misheni ya wanafunzi: tupite vituo vingi vya familia za wafanyakazi au tukae katika kimoja?

Mratibu wa Vijana anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninaratibu safari ya misheni ya wanafunzi wa chuo, na ninaomba ushauri wa watu wanaovifahamu kwa karibu vituo vya jamii vinavyohudumia familia za wafanyakazi. Ninazungumzia vituo ambavyo wazazi huwaacha watoto wao alfajiri wanapokwenda kazini na kuwachukua jioni, ambavyo pia huwapa watoto wakubwa mahali pa kusomea baada ya shule, na ambavyo baadhi huendesha madarasa ya jioni kwa wazazi wenyewe.

Mpango wetu wa awali ulikuwa kuvitembelea vituo kadhaa ndani ya wiki moja, kila siku kituo kingine. Tungeimba na watoto, tungewasimulia habari za Biblia, tungecheza nao, kisha tungegawa zawadi zilizochangwa na washarika na kupiga picha za kumbukumbu. Tuliwaandikia wakuu wa vituo hivyo, na wengi walijibu kwa ufupi kwamba tunakaribishwa. Mkuu wa kituo kimoja, mama mwenye uzoefu wa muda mrefu, ametuandikia barua ndefu na ya heshima ambayo imenifanya nisimamishe maandalizi yote.

Anaomba kwamba, ikiwezekana, tusipite kwa siku moja bali tukae kwake wiki nzima. Anaomba wanafunzi waje kwa zamu, wachache alfajiri na wachache jioni, na wawe ni wale wale kila siku. Katikati ya mchana anaomba tusiingie kabisa katika vyumba vya watoto wadogo, bali tufanye kazi za stoo, tutengeneze uzio na viti vilivyovunjika, na tuoshe vifaa vya kuchezea. Zawadi anataka zikabidhiwe ofisini bila watoto kuona, na picha za watoto anaomba zisipigwe.

Baadhi ya wanafunzi wamevunjika moyo, kwa kuwa walijiandaa kwa nyimbo na mafundisho. Washarika waliotuchangia nao wanatarajia ripoti yenye picha. Zaidi ya hayo, lipo swali linalonisumbua mimi mwenyewe: tukitumia wiki nzima katika kituo kimoja tukipanga stoo na kuosha vifaa, je, hiyo bado ni misheni? Naomba mnijibu kwa uwazi, hata kama jibu litatulazimu kubadili kila kitu.

Mlezi wa Wadogo anajibu:

Ndugu Mratibu, mimi ni mlezi wa watoto walio chini ya miaka mitatu katika kituo cha aina hiyo, na kila ombi la huyo mama lina sababu ambayo sisi tulio katika kazi hii tunaielewa mara moja. Nitaeleza jinsi siku inavyokwenda ili wanafunzi wako waijue kabla hawajafika.

Saa ngumu kuliko zote ni ile ya kupokea watoto. Mzazi ana haraka, kwa sababu akichelewa kazini atakatwa ujira au kupoteza zamu yake. Mtoto anaihisi haraka hiyo na kumng'ang'ania. Na mlezi, kwa wakati huo huo, anatakiwa kumpokea mtoto, kusikiliza maelekezo ya dawa, kumgusa paji la uso kuona kama ana homa, kuandika kwenye daftari la mahudhurio, na kuwaangalia wale ambao wamekwisha kuingia. Mtu mzima mmoja aliye mtulivu pale mlangoni, anayepokea mifuko na kuwasindikiza watoto wakubwa wanaoelekea shuleni, anaibadilisha asubuhi yote. Ndiyo sababu anawahitaji alfajiri, ingawa kwa wanafunzi saa hiyo haina mvuto.

Saa ya pili kwa ugumu ni ya jioni. Walezi wamechoka, watoto wana njaa na usingizi, na wazazi wenye zamu ndefu bado hawajafika. Mtoto anayebaki wa mwisho huwaona wenzake wakiitwa mmoja mmoja na kuondoka, na kila mlango unapofunguliwa hugeuza kichwa. Hapo anahitaji mtu wa kuketi naye sakafuni, kumsomea kitabu kile kile mara nyingi kadiri atakavyotaka, bila kutazama saa. Lakini mtu huyo awe ni yule yule aliyemwona jana na juzi, la sivyo tunamwongezea mgeni mwingine katika saa ambayo tayari ni nzito kwake.

Kati ya saa hizo mbili kuna ratiba, na ratiba ndiyo inayomfanya mtoto mdogo ajisikie salama: kula, kucheza, kulala, kuamka, kusubiri. Kikundi cha wageni kinapoingia katikati ya asubuhi kwa nyimbo na makofi, watoto wanafurahi kweli, sikatai. Muda wa kulala mchana unapofika, hata hivyo, hawalali, na jioni mzazi aliyesimama kazini siku nzima anakabidhiwa mtoto aliyechoka kupita kiasi, anayelia hadi usiku. Gharama ya ile furaha yetu ya asubuhi analipa mzazi ambaye hata hakuwepo.

Kuhusu wale wadogo kabisa, jambo hili limeelezwa na wataalamu kwa miaka mingi. Kuanzia umri wa karibu miezi minane, mtoto huanza kuwaogopa watu asiowajua na kulia anapotenganishwa na mtu aliyemzoea. Daktari John Bowlby wa Uingereza, katika taarifa aliyoiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, alisisitiza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake au na mtu anayeshika nafasi ya mama. Yapo mambo katika maandishi yake yaliyopingwa baadaye, na kwa haki, hasa pale yalipotumiwa kuwalaumu akina mama wanaofanya kazi nje ya nyumba. Hata hivyo, hoja ya kwamba mtoto mdogo anatulia mikononi mwa watu wachache anaowafahamu, si mikononi mwa wengi wanaopokezana, ndiyo inayoongoza vituo vizuri hadi leo. Wanafunzi kumi na zaidi wakimbeba mtoto mmoja kwa zamu ndani ya saa moja, hata kama kila mmoja ana upendo wa kweli moyoni, mtoto hapati upendo mara kumi.

Naomba pia msiidharau kazi ya stoo. Vitabu vilivyochanika, vifaa vinavyotakiwa kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, magodoro ya kuanikwa, makabati ambayo hayajafunguliwa tangu mwaka jana: kazi hizi zipo kila kituo, na anayezifanya ni mlezi, baada ya watoto kuondoka au wakati anapopaswa kuwa nao. Mwanafunzi akizifanya, mlezi anarudi kwa mtoto. Kwa njia hiyo mtoto anapata zaidi kuliko ambavyo angepata kutoka kwa mwanafunzi moja kwa moja.

Msomaji wa Historia anajibu:

Nashukuru kwa maelezo ya mlezi. Ningependa kuongeza kwamba swali la Mratibu ni la zamani kuliko tunavyodhani, na waliotutangulia walilijibu kwa matendo.

Karibu mwaka 1770, katika milima ya Alsace, mchungaji Jean-Frédéric Oberlin alikuwa akihudumia parokia ya watu maskini. Alimkuta msichana wa kijijini, Sara Banzet, akiwakusanya watoto wadogo nyumbani na kuwafundisha kufuma. Mchungaji hakuanzisha huduma yake pembeni kushindana na ya msichana huyo. Alimlipa ujira na kuikuza ile iliyokuwepo, na kutokana nayo zikatokea shule za watoto wadogo ambazo wanahistoria wa malezi bado wanazitaja. Mjini Paris, mwaka 1844, Firmin Marbeau alifungua kituo cha kulelea watoto wachanga wa akina mama wafanyakazi, na utaratibu wake ulizingatia saa za kazi, hata akina mama waliweza kuja wakati wa mapumziko kunyonyesha. Huduma zote mbili zilianza kwa kuitazama siku ya familia ilivyo, kisha zikaingia katika nafasi iliyokuwa wazi.

Wanafunzi nao wana sura yao katika historia hii. Mwaka 1884, mchungaji Samuel Barnett na mkewe Henrietta walifungua Toynbee Hall katika eneo la Whitechapel, mashariki mwa London, mahali ambapo vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walikuja kuishi miongoni mwa familia za wafanyakazi, si kuwatembelea na kurudi. Jane Addams wa Marekani aliizuru nyumba hiyo, na mwaka 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakafungua Hull House mjini Chicago. Wote wawili walikuwa wanawake waliosoma vizuri, wapenzi wa sanaa na vitabu, na walikuja na mipango inayolingana na elimu yao. Majirani walikuwa na shida nyingine. Addams alisimulia kwamba watoto watatu wa kwanza wenye ulemavu waliokutana nao katika mtaa ule, wote walikuwa wameumia mama zao wakiwa kazini: mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofani, mwingine aliungua moto, na wa tatu mgongo wake ulipinda kwa sababu kwa miaka mitatu alifungwa mchana kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni, akifunguliwa tu kaka yake alipokuja mbio adhuhuri kutoka kiwandani kula naye. Mama huyo hakukosa upendo. Alikosa mahali pa kumwacha mwanawe. Chekechea na huduma ya kulea watoto mchana zilianza mapema sana pale Hull House, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa haja ya mtaa.

Nikiwatazama watu hao, naona kwamba uamuzi uliozaa matunda ulikuwa ule wa kukaa. Mtu anayepita hawezi kuyaona mambo kama ya yule mtoto wa tatu. Familia haimwonyeshi mgeni wa saa mbili mambo ya namna hiyo, na kituo hakimwambii.

Hata Maria Montessori, ambaye leo jina lake linahusishwa na shule za watu wenye uwezo, alianza tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa wafanyakazi waliobaki peke yao mchana katika jengo la makazi na kuchafua kuta na ngazi. Darasa liliwekwa ndani ya jengo lile lile walimoishi, na utaratibu ulimtaka mwalimu aishi humo pamoja na familia. Umbali kati ya kituo na nyumbani kwa mzazi ulikuwa ni kushuka ngazi tu.

Kwa upande mwingine, mwaka 1968 padri Ivan Illich aliwahutubia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kuhudumu Mexico, akawasihi kwa ukali waje kutazama, kusoma na kufurahia nchi, lakini wasije kusaidia. Mimi sikubaliani naye katika yote, maana kuna kazi halisi ambayo kijana mwenye afya anaweza kuifanya popote. Lakini aligusa jambo ambalo kila mratibu anapaswa kulikabili: je, wenyeji wana uwezo wa kweli wa kukataa tunachowaletea? Ndugu Mratibu, wakuu wengi walikujibu kwa ufupi kwamba mnakaribishwa. Huenda wamefurahi. Inawezekana pia kwamba hawakuona njia ya kusema hapana kwa watu wanaokuja na zawadi. Huyo mama aliyekuandikia barua ndefu amekuamini kiasi cha kukueleza ukweli, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kwenda.

Mwinjilisti anajibu:

Nawaheshimu waliotangulia kuandika, na nimejifunza mengi. Hata hivyo nina mashaka ambayo siwezi kuyanyamazia. Ikiwa wanafunzi watakwenda kutengeneza uzio na kuosha vifaa tu, shirika lolote lisilo na imani linaweza kuifanya kazi hiyo, na pengine kwa ufanisi zaidi. Bwana alisema watoto waachwe waende kwake wala wasizuiwe, na Paulo alipita miji mingi akipanda makanisa. Je, si kweli kwamba kwa kukaa kituo kimoja tunavinyima vituo vingine neno la uzima? Nahofia pia mioyo ya vijana hawa, ambao wamefunga na kuomba kwa ajili ya safari hii; tukiwanyang'anya nafasi ya kushuhudia, mwaka ujao hawatarudi. Sisemi barua ya mama ipuuzwe. Nasema ijibiwe kwa kumwomba atupe walau saa moja kila siku ya kuwafundisha watoto neno la Mungu waziwazi.

Msomaji wa Historia anajibu:

Mtumishi, hoja yako ni nzito na haistahili kupitwa juu juu. Lakini tumtazame Paulo kwa ukamilifu. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, kinaeleza kwamba huko Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akifanya kazi ya mikono pamoja nao, kwa kuwa wote walikuwa mafundi wa mahema, na kwamba alikaa katika mji huo mwaka mmoja na miezi sita. Efeso alikaa muda mrefu zaidi ya huo. Kazi ya mikono haikumtenga na ushuhuda wake. Ilimweka mahali pamoja na watu wanaofanya kazi, akiyajua maisha yao kwa jasho lake mwenyewe.

Kuhusu watoto, kumbuka jinsi habari hiyo inavyoanza katika sura ya 10 ya Marko: watu walimletea watoto. Waliletwa na watu wao. Katika kituo cha wafanyakazi mtoto ameletwa alelewe mzazi akiwa kazini, na kituo hupokea watoto wa madhehebu na dini mbalimbali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 14, unataka haki na wajibu wa wazazi wa kumwongoza mtoto wao katika masuala ya imani viheshimiwe. Kuwafundisha watoto hao imani yetu mchana, wazazi wao wakiwa kwenye mashine, bila wao kuulizwa, ni kuichukua nafasi ambayo hatukupewa. Waalikeni wazazi siku ya mapumziko yao, waje pamoja na watoto kwa hiari, nanyi mseme kila mlicho nacho moyoni mbele yao. Ushuhuda wa namna hiyo utasikilizwa na familia nzima, na hautamweka mkuu wa kituo katika hali ya kuwajibu wazazi wenye uchungu baada yenu kuondoka.

Mzazi wa Zamu anajibu:

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Nimekuwa nikisoma bila kuandika, lakini naona mzazi hajasema kitu, na watoto wanaozungumziwa hapa ni wetu.

Mimi hufanya kazi kwa zamu, na kituo ndicho kinachoniwezesha kufanya kazi. Nalipa ada, nafika kwenye mikutano, na nikipata nafasi nafagia uwanja pamoja na wazazi wengine. Naomba wanafunzi walijue hilo kabla ya lolote jingine. Tunapoelezwa mbele ya watoto wetu kama watu wa kuhurumiwa, mtoto anasikia, na jioni anauliza nyumbani maswali ambayo hayana jibu jepesi.

Kuhusu zawadi, naunga mkono kwa nguvu zote ombi la kuzikabidhi ofisini. Mtoto wangu akipewa na mgeni kitu ambacho nimekuwa nikijinyima nikiweka akiba nimnunulie, furaha yake naipokea, lakini kuna kitu kimechukuliwa kutoka kwangu ambacho mgeni hakukiona. Ofisi ikinipa mimi, au ikiviweka vitu hivyo kuwa mali ya kituo ili watoto wote wavitumie, hakuna mzazi anayeachwa nyuma mbele ya mwanawe, na hakuna mtoto anayerudi mikono mitupu kwa sababu siku hiyo alikuwa mgonjwa nyumbani.

Kuhusu picha, fikirini kwamba mtoto aliyepigwa picha akilia, au akiwa na nguo zilizochafuka mchana, atakuwa mtu mzima siku moja na picha ile bado itakuwa kwenye mtandao pamoja na maelezo ambayo hakuyaandika. Kuna wazazi pia wanaojificha na wenzi wao wakatili, na picha moja yenye jina la kituo inatosha kuwaonyesha walipo. Mkuu wa kituo hawezi kuwatajia wageni sababu hii, lakini anaijua.

Mnaweza kutusaidia wapi? Kwa kweli, jioni. Mtoto wangu mkubwa yuko katika masomo ambayo mimi siwezi tena kumfundisha, na mwanafunzi wa chuo anayaweza. Saa moja ya hesabu, kwa siku zinazofuatana, na kijana yule yule, ni kitu ambacho ningekishukuru mno. Wapo pia wazazi wenye barua za mwajiri wasizozielewa, au fomu za mafao ambazo wameziweka nyumbani kwa miezi kwa sababu wanaona aibu kuuliza. Vijana wasijifanye wanasheria, lakini kuisoma barua pamoja na mtu kwa sauti ya utulivu, na kumwelekeza ofisi inayohusika, haihitaji uanasheria. Mazungumzo hayo huja yenyewe mtu anapokuzoea. Siku ya kwanza nitakusalimu tu na kumchukua mwanangu. Usinisimamishe mlangoni kwa maswali, maana nimesimama tangu alfajiri na bado nina kazi ya jioni nyumbani. Siku ya tatu au ya nne huenda nikaketi.

Mratibu wa Vijana anajibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimeyasoma majibu haya pamoja na wanafunzi, na tumeamua kukubali barua ya mama kama ilivyo: kituo kimoja, wiki nzima, kwa zamu. Tumewaandikia wakuu wa vituo vingine kuwaeleza kwamba hatutapita, na kwamba zawadi zilizokuwa zao zitawafikia kwa njia ya ofisi. Wanafunzi wanaosomea hesabu na sayansi wameomba zamu ya jioni. Ombi la Mwinjilisti tumelichukua kwa namna iliyopendekezwa. Tutamwuliza mkuu wa kituo kama inafaa kuwaalika wazazi na watoto siku ya mapumziko, na kama atasema haifai, tutaliacha.

Yamebaki mawili. La kwanza ni ripoti kwa washarika, ambao walitoa kwa ukarimu na wanastahili kujua fedha yao imefanya nini. La pili, naomba mlezi aniambie ni maandalizi gani ya lazima ambayo waratibu huyasahau.

Mlezi wa Wadogo anajibu:

Kuhusu ripoti, pigeni picha za kazi: uzio kabla na baada, stoo ilivyopangwa, viti vilivyotengenezwa, wanafunzi wenyewe wakiwa kazini mahali ambapo hakuna mtoto. Mwombeni mkuu wa kituo aandike kwa mkono wake ukurasa mmoja kuhusu kilichofanyika na kilichobaki, na muusome kanisani bila kuupunguza, hata kama ndani yake kuna jambo ambalo hakuridhika nalo. Washarika wazima watalipokea. Ikiwa fedha za usafiri wa kwenda vituo vingine zimebaki, mwulizeni anahitaji nini kabla ya kununua chochote. Mara nyingi jibu ni posho ya mlezi wa akiba kwa miezi michache, kitu ambacho hakipigiki picha lakini kinazuia chumba kimoja kufungwa mlezi anapougua.

Kuhusu maandalizi: tumeni majina ya wanafunzi mapema, pamoja na vyeti vya tabia njema kama sheria ya mahali mnapokwenda inavitaka, na msikasirike mkiulizwa zaidi. Kila mwanafunzi asaini kanuni za kituo za ulinzi wa mtoto, na azielewe, hasa ile ya kutobaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa. Kanuni hiyo inamlinda mtoto na inamlinda mwanafunzi pia. Anayekohoa au kuharisha asije hata kama zamu ni yake, kwa sababu ugonjwa ukiingia chumba cha wachanga wazazi wengi watakosa kazi kwa siku kadhaa. Vueni pete na mikufu ambayo watoto watavuta, njooni na nguo za kufanyia kazi, na simu zibaki ofisini.

Jambo la mwisho ni la kuaga. Watoto wakubwa waambiwe tangu siku ya kwanza mtakaa hadi lini, na siku mbili kabla ya kuondoka wakumbushwe. Msiahidi kurudi ikiwa hamna uhakika, hata mtoto akiomba kwa machozi. Mwelezeni mkuu wa kituo ni nani kati yenu amekuwa akimfundisha nani na wamefika wapi katika daftari, ili jioni inayofuata mtu mwingine aendelee kutoka ukurasa ule ule.